Vibati Viwili vya Handaki la Tanurini

Nyumba namba 14,
Barabara ya Tanuri.
Jumatatu, 6 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu,

Leo saa nne asubuhi mtaalamu wa mifupa amenipigia simu na kunithibitishia kwamba watu wawili waliofukuliwa kwenye handaki nyuma ya tanuri la matofali ni wanajeshi waliokufa vitani, na kwamba mmoja wao ni baba yako. Ni yupi kati ya wale wawili, hawezi kusema. Hawezi kusema kwa sababu yangu.

Nimetanguliza habari kabla ya salamu, niwie radhi. Ningeanza na salamu ningeishia hapohapo, kama nilivyofanya kwenye simu. Wiki iliyopita nilikupigia mara mbili. Mara ya kwanza nilikuuliza magoti ya Mama Mdogo yanaendeleaje, mara ya pili nikakuuliza kama mvua imenyesha huko, nikakata. Sasa nakuuliza tena na safari hii nasubiri jibu: u hali gani? Watoto hawajambo? Mama Mdogo anapata usingizi? Najua huwa unamsomea barua zangu kwa sauti. Hii isome peke yako, mahali ambapo hakusikii.

Unajua kwamba tangu nistaafu gazetini nazunguka mashambani na mashine ya kutafutia vyuma. Aliyenitia kwenye mchezo huu ni jirani yangu, fundi wa redio, ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu ukishamwasha hazimiki. Tunatafuta mabaki ya vita: maganda ya risasi, bizimu za mikanda, vifungo, kofia za chuma. Unavaa visikilizio, unapitisha sahani ya mashine juu ya ardhi taratibu, unasikiliza. Chuma hunguruma, shaba hulia kwa sauti nyembamba. Mara tisa katika kumi ni kizibo cha soda. "Mzee wa magazeti," Redio huniambia, "leo tena umeteka ghala la soda?" Niliupenda mchezo huo, na sitakudanganya kwamba sikuupenda.

Chama chetu kina kanuni nyingi ambazo hakuna anayezifuata, na moja ambayo kila mtu anaijua. Ukikuta kibati cha shingoni, kile chenye namba ya askari, unaacha kuchimba. Hukigusi. Unafukia, unaweka alama, unatoa taarifa. Kwa kawaida kibati kiko pamoja na mwenyewe.

Miaka minne iliyopita, mwezi Mei, nilikuta viwili alasiri moja kwenye handaki lile, hatua moja kati ya kimoja na kingine. Nilikuwa peke yangu. Redio alikuwa kwa daktari wa meno. Nilivitoa vyote viwili nikavitia kwenye mfuko mmoja wa koti. Nyumbani nikaviloweka kwenye siki, nikavisugua kwa mswaki. Mifupa sikuiona. Sikuchimba zaidi ili nisiione. Handaki lilikuwa bado lina vitu vingi, na nilijua nikitoa taarifa litafungwa. Hiyo ndiyo sababu. Nimetafuta nyingine iliyo nzuri zaidi, sijaipata.

Unaukumbuka ubao wenye kitambaa cha buluu sebuleni kwangu. Ulipokuja kwenye harusi ya binti yangu ulisimama mbele yake na kikombe cha chai mkononi, ukaniuliza, "Kaka, na hivi vibati ni vya akina nani?" Nikakujibu, "Aa, namba tu hizo, wenyewe hawajulikani." Kibati cha kushoto ni cha baba yako.

Namba yake haikuwa ngeni kwangu. Imo kwenye barua ya jeshi ambayo Mama Mdogo anaitunza kwenye kopo la biskuti. Nilipokuwa bado kazini nilimwandikia barua sita kwenda ofisi ya kumbukumbu, na katika kila moja niliinakili namba hiyo kwa mkono wangu. Kisha ikakaa ukutani mwangu miaka minne na sikuilinganisha na kitu chochote, mpaka mwezi uliopita. Wifi yako alipojua alisema, "Miaka thelathini umewahoji mawaziri mpaka wakajificha chooni. Namba moja imekushinda kuihoji?" Ameushusha ubao. Msumari umebaki.

Mwezi Agosti mafundi wa bomba la maji walikuta mifupa pale. Ijumaa tarehe 12 Septemba gazeti langu la zamani likatoa tangazo: yeyote aliyewahi kuchukua kitu kwenye handaki lile akipeleke kwa wafukuaji, hatashtakiwa. Nililisoma mara tatu, nikalikunja. Nilikwenda Jumanne tarehe 23. Katika siku hizo kumi na moja nilinyoa nywele, nilitengeneza bawaba ya mlango wa stoo, na nilipanga upya maganda ya risasi kwa ukubwa.

Wafukuaji wanafanyia kazi kwenye darasa la shule iliyofungwa. Mifupa imelazwa juu ya madawati yaliyounganishwa, kila mtu na shuka lake, mmoja upande wa ubao, mwingine upande wa madirisha. Mtaalamu ni mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Niliweka vibati mezani, nikamweleza. Akakinyanyua kimoja.

"Hiki kilikuwa kwa yupi?"

"Sijui."

"Hukuandika?"

"Niliandika."

"Basi nisomee, mzee."

Nilikuwa na daftari la mwaka ule. Nikasoma: "Maganda kumi na saba, bizimu moja, vibati viwili, hali nzuri. Mvua inakuja."

Akavua miwani. "Mvua umeiandika," alisema. Baadaye akaongeza, bila kupandisha sauti, "Ungeviacha vilipokuwa, kazi hii ningeimaliza kwa nusu saa."

Wote wawili wana urefu mmoja na umri unaokaribiana. Hakuna aliyewahi kuvunjika mfupa ambao familia ingeukumbuka. Kilichobaki ni vinasaba vya kwenye meno, na udongo wa pale umeharibu mengi. Leo amesema jino moja lina matumaini, na nilipombana zaidi alikataa kuahidi. Anahitaji mate yako. Yangu wameshachukua, kwa kuwa baba yako ni mdogo wa baba yangu, lakini ya mtoto wa kuzaa yanasema zaidi kuliko ya mtoto wa kaka. Miadi yako ni Jumanne tarehe 14, saa tatu asubuhi, maabara ya hospitali ya wilaya hapo kwenu. Jina lako wanalo. Usile wala kunywa chochote nusu saa kabla.

Jino likishindwa, wote wawili watazikwa kaburi moja lenye majina mawili, na familia zote mbili lazima zikubali. Najua Mama Mdogo anataka nini. Nafasi mbili makaburini aliziandaa zamani, ubavu kwa ubavu, na sote tumemsikia akisema kwamba hataki kulazwa kando ya shimo tupu. Sasa ana miaka themanini na minne, na anaweza kuletewa nusu ya kaburi la watu wawili, kwa sababu mimi sikutaka handaki lifungwe.

Yule mwingine ana dada. Ni mshonaji, yuko mtaa wa pili kutoka kwangu, na nguo zangu zote yeye ndiye hunirekebishia. Juzi Jumamosi nilikwenda kumwambia. Alinisikiliza akiwa na pini mdomoni mpaka nikamaliza, akazitoa moja moja akazichomeka kwenye kimto.

"Walikuwa mbali, wao kwa wao?"

"Hatua moja."

"Na wewe ukapita katikati."

"Ndiyo, dada."

Akaniambia suruali yangu iko tayari, niichukue niende. Kuhusu kaburi moja, amesema atakubali, lakini mkubwa wa msiba ni Mama Mdogo na neno la kwanza ni lake.

Mashine nimeirudisha chamani, na madaftari yote nimemwachia mtaalamu. Niliwasomea wanachama nilichofanya, tarehe na saa. Redio alianza kunitetea, eti kila mtu ana kibati kimoja kabatini. Akawatazama wenzake, hakuna aliyeinua macho, akakaa.

Sikuombi unisamehe kwa barua, maana barua ni kitu nilichokizoea mno. Naomba jambo moja: usimwambie Mama Mdogo. Si kwa nia ya kumficha. Kumwambia ni kazi yangu, na nataka aisikie kabla hujakwenda hospitali, ajue kwa nini mate yako yanatakiwa, na ajue kwamba huenda yasitoshe. Akitaka kunifukuza, anifukuze. Usinitetee.

Nisalimie mumeo na mapacha, na yule mpwa wangu seremala aliyenitengenezea kiti kisichoyumba. Wifi yako anakusalimu sana. Yeye hana kosa katika haya. Mungu awape afya njema nyumba nzima, na amwongezee Mama Mdogo siku za kutosha kumzika mumewe.

Wako akupendaye, ninayeona aibu kukutazama,

Kaka yako.

N.B. Nimekata tiketi ya Jumapili tarehe 12. Basi linafika saa kumi jioni. Usije kunipokea stendi, nitatembea mwenyewe. Saa kumi na moja nitabisha hodi, na naomba mtu wa kwanza nitakayeongea naye awe Mama Mdogo.