Usimnyoe Mwanaidi

Korogwe, Jumapili ya pili ya Januari. Huu ni mwezi wa tano tangu niondoke Kwaluguru.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mgongo tu. Juzi simu ilikatika kabla sijakujibu. Ulisema mwalimu alimtazama tu Mwanaidi wangu akasema, "Huyu bado mdogo, mlete mwakani." Ana miaka saba, mama. Ukasema utamnyoa ili mkono ufike sikioni.

Nilicheka kwanza. Unakumbuka ulivyoninyoa mimi? Enzi zile mtoto wa kuanza shule alipitisha mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Mkono wangu uliishia kwenye nywele, nikarudishwa. Mwaka uliofuata ukaninyoa kwa wembe, kila jioni ukinipaka mafuta na kuuvuta mkono: "Jikaze baba, sikio lipo karibu." Siku ilipofika, sikio likawa mbali vilevile, na watoto wakacheka kipara. Ukasema, "Mwalimu, mtoto anasoma kwa macho, hasomi kwa mkono." Akatuambia twende zetu. Ulinibeba mgongoni mpaka nyumbani, nami nilikuwa mkubwa wa kutembea.

Nilipopokelewa, wa rika langu walikuwa wameshatangulia mbali, na bado nilikuwa mfupi kuliko wadogo zao. Nikaona aibu. Darasa la tano nikaacha.

Hapa kwenye mkonge, nyapara akichagua vibarua asubuhi, macho yake yanapita juu yangu. "Kafupi, wewe kachote maji." Sikatai, kupanga mizigo juu ya lori sifikii. Lakini kukata majani nakata, na nimechoka kungoja warefu waishe ndipo nionekane. Mwanangu asianze kungoja akiwa na miaka saba.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Handeni. Najua anayekusomea ni Mwanaidi, kwa herufi zile nilizomwandikia ardhini kwa kijiti. Jumatatu mwalimu amsikie akisoma, ndipo amtazame.

Mwanaidi, mstari huu usiuruke: bibi akishika wembe, kimbia. Nataka nikukute umesukwa. Mama, nakuja Jumamosi, na Jumatatu tunakwenda shuleni wote watatu.

Mwanao,
baba wa msomaji wako