Kamba ya Kisima

Mjukuu wangu Salim,

Sisi wazima huku ughaibuni, Langley Park. Mama yako yuko zamu, na ujenzi wa reli bado unatingisha madirisha.

Maneno yako ya simu yamenikaa rohoni. Unasema jema ni lile linalomwezesha binadamu kuishi, ndiyo sheria ya maumbile, basi. Ukaniuliza kama nimekasirika. Nimekasirika, ndiyo. Lakini sikiliza.

Mwaka wa ukame kule Pemba, kamba ya kisima ilikuwa ya mtaa mzima. Mimi, msichana niliyetoka kuswali alfajiri, niliifungua nikaificha tumboni, ndani ya kanga, maji yaliyobaki yawe ya wadogo zangu. Akaja jirani, Bi Mwanakombo, mtoto mgongoni.

"Kamba iko wapi?"

"Sijui."

Akaketi ukingoni, akinitazama tumboni. Mtoto alilia, kisha akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikonitisha. Nikaitoa.

Akateka, akamnywesha mwanawe, halafu akanijazia ndoo yangu.

Swala yangu haikunizuia kuificha, na hilo sijapata kumwambia mtu. Lakini sheria yako nayo ingeniambia niifiche. Basi nijibu, Salim: nani aliyeufungua mkono wangu?

Bibi yako, nangoja.