Ukurasa wa Saba

Kaka Nestori,

Shikamoo. Marahaba utaniwekea huko uliko. Wewe umelala Kanazi, migombani kwa baba yako, na mimi bado niko kwenye hema la usajili, kwenye kiti kile kile kilichopasuka. Wakimbizi wanaendelea kuvuka kutoka Burundi, na mvua ikinyesha mtandao unakufa. Hayo hayajabadilika. Kilichobadilika ni lile jedwali lako la kwenye kompyuta, la watoto waliopotezana na wazazi, na ndilo linalonifanya nikuandikie nikiwa na hasira hivi.

Arobaini yako haijafika, wakatuletea mtaalamu kutoka Dar. Alikuja Ngara na viatu vyeupe, masika yote haya. Akafungua jedwali lako, akabonyeza "Mbele", akaona kitufe kimefifia, majina ya ukurasa wa kwanza yamepauka, na juu yake maneno yako: "Ukurasa wa pili unakuja, subiri." Akacheka. Akasema hiyo ni kazi ya kizamani, inamchosha mtumiaji. Mtumiaji ni mimi, nilikuwa nimekaa pale pale, na hakuniuliza kama nimechoka.

Akayafuta maneno yako na kule kufifia kote. Akawaonyesha wakubwa kwenye kompyuta yake mwenyewe, majina yamo humo humo ndani, hayasafiri kwenye mtandao wowote, kurasa zikafunguka kabla hujakohoa. Wakapiga makofi. Watu wazima, wenye shahada zao, wanaipigia makofi mashine inayojiuliza na kujijibu yenyewe.

Nakumbuka ulivyotufundisha, kikombe cha chai mkononi: "'Bado' ni kitu kimoja, 'imeshindikana' ni kingine, na 'hakuna' ni kingine kabisa. Msinichanganyie." Ulimaliza wiki nzima kwa jambo hilo tu, nikaona unapoteza muda. Ukasema mtu akienda kuposa, wazazi wa binti wakanyamaza, hajakataliwa, akae anywe chai. Tulicheka mpaka walinzi wakachungulia.

Sasa sikia. Jumanne moja akaja mama mmoja, Konsolata. Alivuka peke yake. Binti yake Belize, wa miaka saba, alikuwa ametangulia na majirani wakapotezana naye njiani. "Umwana wanje ari he?" akaniuliza, mtoto wangu yuko wapi, na sisi Wahangaza Kirundi hakitupigi chenga. Nikachagua tarafa yake ya kwao Burundi, nikaanza kupekua kurasa moja moja, maana kutafuta kwa jina unajua hatukuamini, watoto wengi hutaja jina la utani la nyumbani.

Nikamaliza ukurasa wa sita. Nikabonyeza "Mbele". Kimya. Hakuna kilichofifia, hakuna neno, majina yale yale yananitazama. Nikabonyeza tena, kama ambavyo karani yeyote wa hapa angefanya, maana kwetu mlango usipoitikiwa unagonga tena. Kumbe mibonyezo yote miwili ilipokelewa. Tukauruka wa saba, tukatua wa nane, na huo wa nane, wakati majina yake bado yako njiani, ukaandika kwa herufi safi kabisa: "Hakuna taarifa." Nikadhani orodha imeisha. Nikamwambia yule mama, "Hayupo."

Mimi, Kaka. Niliyefundishwa na wewe. Huyo wa viatu vyeupe namdharau, lakini siku ile nilijidharau zaidi.

Hakulia. Aliomba maji, akanywa, akapanda basi la mchana kwenda kambini Kibondo pamoja na wenzake. Kesho yake asubuhi mtandao ulikuwa mzuri, nikaipitia orodha bila haraka, moyo haukuwa umetulia. Ukurasa wa saba, mstari wa tatu: Belize, miaka saba, kovu kidevuni. Alikuwa hema la watoto, hatua chache kutoka kwangu, anakunywa uji.

Nikampigia mtaalamu. Akasema, "Karani angesubiri tu." Mtu aliyefuta neno "subiri" kwa mkono wake ndiye ananilaumu kwamba sikusubiri. Nilikata simu, nikarudisha kazi yako kutoka kwenye ile flashi uliyoniachia, na ruhusa sikuomba. Wameniandikia barua ya kujieleza. Nasikia wanataka kunihamishia Biharamulo. Wanihamishe.

Kibali na gari vilichukua siku tisa, na ujumbe niliotuma kambini haukumfikia mama. Nilimpeleka mtoto mwenyewe. Tulipofika Kibondo, Konsolata alikuwa amekwisha kumlilia mwanawe. Majirani wa kambini walikaa naye matanga bila maiti. Belize aliposhuka garini, mama hakumkimbilia. Alimsogelea polepole, akamshika kidevu, akalipapasa lile kovu mara mbili, tatu, ndipo akakaa chini, mtoto mapajani. Nilisimama pale sijui niweke wapi mikono yangu. Nilimwomba radhi. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alisema tu, "Siku nyingine, dada, useme hujui."

Nitasema sijui, Kaka Nestori. Nakuahidi. Hata foleni ikifika barabarani, hata wakubwa wakisimama nyuma ya kiti changu, nitamtazama mzazi usoni nimwambie sijui, mpaka jibu lifike. Pumzika.

Mdogo wako wa kazini,
Adela