Vyura Katika Ndoo za Baba

Wiesenrode, 2 Aprili

Kaka yangu mpendwa Henning,

Salamu zikufikie huko Kiel, wewe na wifi Silke na watoto. Mgongo wako umepata nafuu? Sisi huku miili ni mizima. Ya moyoni nakuandikia, maana nikipiga simu Baba husikia kila neno.

Asante kwa soksi ulizomtumia. Alizivaa siku hiyo hiyo, akatia mabuti, akatoka kwenda kwenye uzio wake. Unamjua. Tangu Mama afariki, theluji ikiyeyuka tu yeye husimamisha ule uzio wa plastiki kando ya barabara, upande wa msituni, na kuzika ndoo chini yake. Vyura wanaoteremka kwenda kutaga hutumbukia humo, na asubuhi yeye huwavusha barabara mpaka bwawani, upande wa pili, malori yasiwaponde.

Lakini vyura wamekwisha, kaka. Kwa ukame huu bwawa limekuwa likikauka kabla viluwiluwi hawajaota miguu, na tangu yale maghala yajengwe barabara haina usingizi. Mwaka huu ndoo zilikaa tupu. Gerlinde Trautwein, anayetuongoza sisi wa kujitolea kuokoa vyura, alimwambia Baba mbele ya watu, “Mzee Ewald, unavusha hewa tu! Tusipopata chura mpaka Jumapili, uzio tunaung’oa.” Watu wakacheka. Baba akamjibu, “Cheka tu, Gerlinde. Chura akija hataanza kupiga hodi kwako.” Ila nyumbani hakugusa supu. Nilimwogopea. Uzio ukienda, ataamkia nini?

Basi nikafanya jambo. Bwawa la Hallerbach, kule ng’ambo ya msitu, bado lina vyura. Nilikwenda jioni na kikapu, nikachukua wachache, na alfajiri nikawatia katika ndoo za Baba kabla hajaamka. Ungemwona! Alirudi akipaza sauti tangu langoni, “Roswitha! Wamekuja! Weka kahawa!” Akala mkate mpaka nikakata mwingine. Gerlinde akafyata mdomo. Nami nikajiona nimetenda wema, nikarudia tena na tena.

Jumatano Baba alikawia, nikamfuata. Nilimkuta barabarani na koleo, anabandua vyura waliopondwa kwenye lami. Walikuwa wengi, wote upande wa bwawa, ambako hakuna uzio, na vichwa vyao vimeelekea msituni. Aliniambia bila kuniangalia, “Mtu kwao, mwanangu, na chura vivyo hivyo. Hutaga alikozaliwa. Hawa walitoka bwawani wanarudi kwao. Hallerbach, sivyo?”

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba radhi huku nalia, nikamwambia sikujua. Ndipo akasema neno ambalo halijanitoka mpaka leo: kwamba yeye alijua tangu siku ya kwanza. “Tangu lini vyura wakatembea usiku usio na mvua? Lakini ulivyoniwekea kahawa, uso wako unang’aa hivyo, ningekwambiaje? Nikawa nawavusha tu.”

Kumbe mimi nilikuwa namdanganya ili ale, naye alikuwa anakula ili mimi nifurahi. Vyura ndio waliolipa.

Uzio ameung’oa mwenyewe, hakumngoja Gerlinde. Katika ndoo alibaki chura mmoja mzima, tukampeleka Hallerbach kwa gari. Baba alimpakata njia nzima, kiganja juu ya ndoo ili asiruke. Tulipomwachia alizama mara moja. Baba akasimama pale ukingoni mpaka nikamshika mkono.

Siku hizi haamki mapema. Mabuti yake yapo mlangoni, yamekauka na matope yake, na akiniona nayatazama ananiambia niyagawe. Sitayagawa. Usitume soksi tena, Henning. Njoo wewe, na uje upesi, umpe sababu ya kuamka, maana ile yangu iliwaua vyura waliokuwa wamebaki kwa jirani, kule Hallerbach.

Nibusie watoto, na wifi mwambie nimemkumbuka.

Mdogo wako akupendaye,
Roswitha