Mwalimu, Mashine Inatumia Maneno Yako

Mwalimu Mutiso,

Tangu tukuzike kule Kalama sijakuandikia hata neno moja. Nilijiambia aliyelala hana haja ya barua. Leo nimeshindwa. Kuna jambo hapa chuoni limenikaa kooni, na mambo ya namna hii nilizoea kukuletea wewe.

Wameweka maneno yako kwenye mashine.

Mkuu wa idara alikusanya insha zote ulizosahihisha, zile zilizojaa mwandiko wako pembeni, akazitia kwenye programu ya akili unde ambayo wanafunzi huandikiana nayo kwenye simu. Mwanafunzi akiipa insha yake ya Kiingereza, inamjibu kwa Kiswahili, vile ulivyofanya wewe ili mtu asijifiche nyuma ya maneno makubwa. "Hapa umenipoteza." "Nani alikuambia?" "Hii sentensi imevaa suti lakini ndani hakuna mtu." Nilipoiona hiyo ya suti nilitoka darasani nikaenda kulia.

Hukumruhusu mtu kuandika mstari wa Kiingereza kabla hajakaa nawe kwenye benchi nje ya ofisi, akueleze hoja yake kwa Kikamba au Kiswahili, wewe ukitafuna mahindi ya kuchemsha. Mimi mwenyewe, kabla hujanifanya msaidizi wako, niliondoka pale nimefura kwa hasira. Ulikuwa umeniuliza "kwa nini?" mpaka nikaishiwa. "Kiingereza tutatafuta baadaye," ulisema. "Kwanza wewe unaonaje?"

Sasa benchi ndiyo inayokufa. Mkuu anasema muhula ujao vikao vile viishe, wanafunzi ni wengi na mashine haichoki. Nilipinga mkutanoni, peke yangu. Wenzangu si watu wabaya, Mwalimu. Wamechoka tu, na hata mimi nimechoka. Tena siwezi kusema mashine haina faida. Wako waliokuwa wakitetemeka mbele ya karatasi ya Kiingereza, leo wanaandika.

Lakini unamkumbuka Mwende wa Kathiani? Yule aliyekuletea hoja ya matuta kwenye shamba la susu, bibi yake mzaa mama. Vitabu vilimwambia matuta huhifadhi maji, basi. Yeye akashikilia kwamba tuta la juu likikosewa, maji yote yanamshukia jirani, na susu na jirani yake hawasalimiani mpaka leo kwa sababu hiyo. Mlibishana hadi mahindi yakapoa. Ulimpenda kwa ubishi ule.

Juzi aliniletea insha hiyo ikiwa imesahihishwa na mashine. Kiingereza safi kabisa. Susu hayumo. Jirani hayumo. Nilimuuliza mbona amewaondoa, akaangalia chini.

"Madam, Mwalimu alikuwa ananikasirikia," akasema. "Hii hata ikiuliza, nikifuta inanikubali tu."

Jioni ile niliifungua mwenyewe. Nilikuwa na hamu ya kukusikia, hata kama ni kwa uongo. Nikaiandikia habari za mazishi yako, vumbi lilivyotujaa machoni, mke wako alivyoshika kofia yako mkononi mpaka watu wakaondoka. Niliandika kwa Kiingereza, sijui kwa nini. Kisha nikangoja kama mjinga.

Ikajibu kwa maneno yako, "Vizuri. Sasa ongeza mfano mmoja."

Nilicheka. Halafu sikuweza kuacha kulia. Ni wewe kabisa, na hakuna mtu. Wewe ungenyamaza, ukanimegea hindi lako, tukakaa.

Inaniuma kwamba wataendelea kukusoma kila siku na hawatakujua. Inaniuma zaidi kwamba mimi nilikujua, na kwa dakika moja nilidanganyika.

Sitaifungua tena. Vikao vitaondolewa kwenye ratiba na siwezi kumzuia mkuu. Ila benchi haijang'olewa bado. Nimemwambia Mwende aje Jumanne baada ya masomo, simu ibaki mkobani, anieleze upya ule ugomvi wa susu na jirani, kwa Kikamba. Hakufurahi. Alisema atajaribu. Sijui kama atakuja, lakini mahindi nitachemsha.

Pumzika sasa, Mwalimu wangu. Siwezi kukuahidi wanafunzi wako wote. Huyu mmoja, akija, nakuahidi nitamkasirikia.

Msaidizi wako,
Ndinda