Sufuria Zilizokwenda Idodi

Jumapili, 3 Agosti 1975

Sufuria imerudi. Moja! Zilikwenda tano na vifuniko vyake, imerudi moja, ile kubwa. Haina kifuniko na mkono mmoja umeng'oka. Wifi Roza ameituma kwa utingo wa basi la Idodi, ndani ya gunia la mahindi. Nimetafuta humo gunia neno la asante au samahani. Hakuna. Utingo akasema tu mama yule kaagiza niipeleke kwa Mhindi wangu wa Mbeya, si nina garantii.

Si nina garantii! Mtu anaazima vyombo vya harusi mwezi wa sita, anakaa navyo mpaka leo, halafu ananitumia kazi.

Na chafu! Masizi kitako kizima, wali umegandia pembeni. Hapa Iringa, Mlandege, hata mlevi anajua chombo cha watu kinarudishwa kimesuguliwa. Siioshi. Inakaa hivyo hivyo juu ya meza, mume wangu Joachim aje aone dada yake alivyo.

Jumatatu, 4 Agosti

Joachim amekuja asubuhi kubadilisha nguo. Nilitegemea atafoka. Wapi! Ameigeuza sufuria, akaitazama kitako, akairudisha mezani taratibu. Kisha — huyu mwanamume ambaye kikombe chake cha chai hukiacha palepale alipokaa — akachota majivu aende kuisugua. Nikamnyang'anya. Akasema basi ataichukua, fundi wa kambi ya barabara ataichomelea mkono.

Ikichomelewa garantii imekufa, nikamwambia. Imeandikwa kwenye kadi.

Akasema sufuria ni sufuria tu, nisisumbuke na safari za Mbeya kwenye baridi hii. Eti ananihurumia! Mwezi wa sita pia alinihurumia. Nisiende harusini Idodi, barabara mbaya, nitaumia mgongo. Barabara mbaya, na mwenye greda ni yeye.

Ameondoka. Wanachonga barabara ya huko Mafinga, hajui atarudi lini. Kwenye kiti cha greda lake nilishona foronya ya maua mekundu, wenzake wakamcheka. Leo najuta uzi wangu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeitoa kadi sandukuni. Iko pamoja na cheti cha ndoa, karatasi mbili, bahasha moja. Miaka ishirini, inasema. Mkono, kitako, kifuniko, chochote kikiharibika chenyewe, mwenye jina kwenye kadi abadilishiwe. Jina ni langu. Tekla. Padri hakutupa kadi ya namna hii.

Sufuria zile si za Joachim wala za ukoo wao. Tulipokaa Mbeya nilishona sare za shule mpaka miguu ikavimba kwa kukanyaga cherehani. Kila nikimaliza mzigo nakwenda dukani kwa Kantilal, Mwanjelwa, nachukua moja. Mkewe, Leela, alinifichia zilizobaki chini ya kaunta asije mwingine akazichukua. Stenlesi halisi. Zinang'aa mpaka unajiona meno. Roza alipoziona mara ya kwanza aligonga kila moja kwa kucha akasema kaka yake amebahatika. Kaka yake!

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeazima sufuria ya bati kwa jirani nichemshe maji ya kuoga. Mimi, mwenye stenlesi tano! Sikuweza kumtazama usoni.

Nakwenda Mbeya. Na naenda nayo na masizi yake.

Jumanne, 12 Agosti, Mbeya

Nimetoka dukani kwa Kantilal sasa hivi.

Duka limejaa. Nikaweka sufuria na kadi juu ya kaunta. Kantilal akasema mkono haina shida, hiyo ni kosa la kiwanda, lakini lazima aone alama ya kampuni chini. Akakunja mikono ya shati, akachukua unga wa kusugulia, akasugua mwenyewe. Masizi yakatoka. Alama ya kampuni ipo. Pembeni yake kuna herufi za nukta nukta, zimegongwa kwa msumari. N. G. O. L. O.

Akalisoma jina kwa sauti, watu wote wanasikia.

"Kadi inasema Tekla," akasema. "Sufuria inasema Ngolo. Sasa mimi namrudishia nani, mama?"

Nilitaka kaunta inimeze.

Kila mwanamke mle dukani alielewa. Chombo cha kuazima hupakwa rangi ukingoni ili kisipotee kwenye wingi wa vyombo. Harusi ikiisha rangi inasuguliwa, inatoka. Msumari ni kitu kingine. Msumari ni wa vyombo vya bibi harusi. Shangazi hugonga jina mbele ya watu siku ya kukabidhi, ili hata ndoa ikivunjika mwenye jina aondoke navyo. Jina la msumari halitoki.

Kumbe Roza hakuazima! Amegawa. Amesimama mbele ya watu, na kilemba chake, akatoa zawadi kwa jasho langu, akapigiwa vigelegele. Na zile nne hazijachelewa, zina mwenyewe. Hii moja imerudi kwa sababu imevunjika na kadi ninayo mimi. Itengenezwe, irudi kwa huyo Ngolo! Shetani mwenyewe angeona haya.

Jina lenyewe la Kisukuma. Watakuwa wale wafugaji walioshuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Ukoo wa Kalinga, wa akina Joachim, umeanza lini kuwa na Ngolo?

Jumatano, 13 Agosti, Mbeya

Leela amenipigania. Alizungumza na mumewe Kigujarati, maneno machache tu, Kantilal akaingia stoo akatoka na mpya. Ile ya zamani amebaki nayo. Kifuniko hakutoa, kadi inataka kifuniko kibovu kiletwe, na kifuniko changu kiko Idodi.

Wakati anafunga karatasi Leela akaniuliza bwana harusi alikuwa nani.

Nikasema jina silijui. Roza alisema mtu wa ukoo. Joachim alisema mtu wa ukoo. Mimi nilikuwa nahesabu vifuniko.

Leela akanitazama sana, akaacha kufunga. "Dada, usimtume mtu," akasema. "Nenda mwenyewe."

Nikaomba nyundo na msumari. Nikaigeuza sufuria mpya, nikagonga palepale kaunta: TEKLA. Kantilal alifumba macho kila pigo. Na afumbe.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimerudi nyumbani. Joachim hayupo. Sijalala vizuri. Nimemtukana Roza moyoni kwa Kihehe na Kiswahili, bado haitoshi. Kesho Idodi. Nachukua zangu nne na vifuniko vitano, mbele ya hao hao waliopiga vigelegele.

Jumamosi, 16 Agosti, Idodi

Lazima niandike sasa hivi, la sivyo nitapiga mtu.

Roza hakuwepo, amekwenda shamba. Jirani yake akanijibu salamu kwa Kihehe, kamwene, akaona sufuria mikononi mwangu, akacheka: hiyo itakuwa ya bibi harusi, nimpelekee kule nyumba mpya ya bati karibu na kambi ya barabara. Nikaenda. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, makali, nimeyapanga tangu basini.

Nje ya nyumba limeegeshwa greda.

Magreda yote ni ya njano. Hayo nilijiambia. Nikasogea. Kwenye kiti kuna maua mekundu, na ule mshono wa pembeni nilioukosea nikaurudia.

Mafinga!

Sikuwa nimemaliza kusimama pale alipotoka msichana. Mrefu, mzuri, sitaki kuandika uongo. Akaona sufuria. Akapiga magoti chini kwenye vumbi, kama wafanyavyo kwao.

"Shikamoo wifi," akasema. "Joachim aliniambia dada yake wa Iringa ndiye katupa vyombo. Asante sana. Na unisamehe ule mkono, uling'oka nikiwa naepua, nimeona aibu mpaka nikashindwa kuja."

Asante. Samahani. Yale niliyoyatafuta ndani ya gunia.

Nikaitika marahaba. Ningeitika nini?

Amenikaribisha jikoni, kanipa kigoda. Anapika. Mumewe ameshuka mtoni kuoga, anarudi sasa hivi, atafurahi sana kumwona dada yake. Anaongea, anaongea. Hajui chochote, huyu mtoto. Namchukia, na sioni pa kuishikia chuki yenyewe, inateleza. Nikamwambia naandika hesabu za vyombo, akasema mimi ni kama Roza alivyonisifu, mtu wa mpango.

Zangu nne ziko kichanjani. Zinang'aa. Hata mimi sikuwahi kuzing'arisha hivyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kila moja nimeigeuza. Ngolo, Ngolo, Ngolo, Ngolo. Kifuniko cha kubwa kaninyooshea kwa mikono miwili, nimekiweka juu ya mpya. Kimeingia barabara.

Ameomba ile mpya abandike mchuzi. Nimemwambia bado.

Nyayo. Kikohozi chake, nakijua. Anauliza nani kaja.

"Dada yako," Ngolo anamjibu kwa furaha.

Nyayo zinasogea mlangoni.

Sisimami. Nimeilaza sufuria mapajani, kitako kimeelekea mlangoni, jina langu lote linaonekana.