Tonge la Pili

Baba Mihret,

Uji uko kwenye themosi. Usithubutu kuinua dumu la maji, mshono wa ngiri bado mbichi.

Asubuhi nilikulisha tonge la mkate wa injera, ukaachama kungoja la pili, maana kwetu kumlisha mtu tonge moja tu ni kumtangazia ugomvi. Nikaenda kunawa. Ukanuna! Mwaka jana nilipopasuliwa uvimbe ulinilisha moja, simu ikalia, ukaenda zako. La pili nililishwa na jirani Zenebech, huyo unayemwita mmbea.

Mchana jilishe mwenyewe. Hapana, nafuta hilo. Zenebech atakuja kukulisha. Amekubali hata kabla sijamaliza kumwomba. Mfungulie mlango, na umshukuru.

Mimi tonge lako la pili bado nalingoja.

Mama Mihret